Nimeitumia ddrescue siku tatu kuokoa hadi diski ya steshenari yangu Moshi, haya ndo niliyoyaona

Kwanza mi sio mtu wa IT. Nina steshenari ndogo hapa Moshi mjini, kopi, printi, pasipoti saizi, kuchapa barua na CV, na msimu wa riporti za chuo ndo tunapata hela ya maana maana wanafunzi wa chuo cha Ushirika wanakuja usiku usiku na flashi mkononi na kesho asubuhi wanatakiwa wakabidhi kazi. Kwa iyo laptopu ya dukani ina vitu vya watu. Katiba za vikundi vya VICOBA, mitihani ya shule mbili tatu, ratiba za misiba, kadi za kipaimara, na kulikua na riporti ya dada mmoja wa mwaka wa mwisho ambae flashi yake alishaipoteza, akawa ananitegemea mimi. Alafu kulikua na kitu changu mwenyewe, rekodi ya marehemu baba akieleza mipaka ya kihamba chetu (shamba la ukoo la nyumbani), saa 1 na dakika 40, nilimrekodi kwa simu mwaka mmoja kabla hajafariki nikaihamishia kwenye laptopu alafu ile simu ikaibiwa. Hiyo rekodi ilikua sehemu moja tu duniani.

Programu ninayoizungumzia inaitwa GNU ddrescue, ni ya bure, haina toleo la kulipia wala la majaribio la siku 7, imeandikwa na Antonio Diaz Diaz na iko toka 2004. Inafanya kazi kwenye Linux, yani mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Kuna nyingine jina linafanana, dd_rescue yenye kistari cha chini, ile ni ya mtu mwingine, msichanganye. Na ukiwa Ubuntu au Debian paketi yake inaitwa gddrescue, ina g mbele, lkn amri yenyewe unaandika ddrescue.

Sasa ilikuaje. Mteja alikua anapita kati ya meza na mashine ya kopi, mguu ukanasa waya wa chaji, laptopu ikaenda chini ikiwa inawaka na inaprinti. Nikaiokota, skrini nzima, kibodi nzima, nikashukuru Mungu nikaendelea na kazi. Baada ya siku kama nne ikaanza kusinzia, unafungua folda kijani kinatembea weee mpaka unaenda kunywa chai unarudi bado, mara inajizima mara inawaka. Nikafikiri ni virusi.

Nilichokuja kuelezwa baadae ni kwamba ndani ya hadi diski hizi za zamani (sio SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka) kuna sahani zinazunguka, za laptopu nyingi ni mara 5,400 kwa dakika, na juu yake kuna kichwa cha kusomea kinapita bila kugusa, ule uwazi ni mdogo kuliko hata chembe ya moshi wa sigara. Ikidondoka wakati inazunguka kichwa kinaweza kugusa sahani. Pale palipoguswa panabaki kidonda, na unga unaobanduka unabaki mle mle ndani unaendelea kuumiza sehemu nyingine kadri unavyozidi kuiwasha. Yani diski ya namna hiyo haisubiri, kila saa unayoiwasha unakula muda wake, na hicho ndo kitu ambacho laiti ningekijua ile siku ya kwanza ningeizima pale pale.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja, simtaji na hata mtaa siutaji. Akaitazama akasema bosi hii window imechoka, tupige window mpya, elfu 20. Nikamwambia ndugu yangu mi nataka data zangu kwanza, window baadae. Akasema sawa, akaiwasha, Windows yenyewe ikaanza kuchunguza na kurepea diski, akaiacha usiku kucha. Asubuhi nafika folda nusu hazipo, kuna folda mpya inaitwa FOUND.000 imejaa mafaili yana majina ya FILE0000.CHK, FILE0001.CHK, mpaka mwisho. Niliishiwa nguvu miguu yote.

Hapa nataka nieleweke vizuri maana mafundi wengi wanafanya hivi kwa nia njema kabisa. Ile kurepea ya Windows, CHKDSK, kazi yake ni kuweka mpangilio wa diski ukae sawa, sio kuokoa mafaili yako. Ikikuta faili haieleweki lilipo inalikata na kulitupa kwenye FOUND, na inafanya hivyo kwa kuandika juu ya diski ile ile inayokufa. Kwenye diski nzima iliyozimika vibaya umeme ulipokatika, haina shida, inasaidia. Kwenye diski yenye kidonda ni kumkimbiza mgonjwa mbio.

Jirani yangu wa duka la simu akaniambia niifunge kwenye nailoni niiweke friza usiku mzima, eti inaamka. Nilikua karibu nifanye. Nashukuru nilimpigia kwanza mpwa wangu anaesoma Chuo cha Ufundi Arusha.

"Shikamoo anko."

"Marahaba, mjomba wako nimekwama, diski inakufa."

"Saa hizi imezimwa?"

"Hapana iko hapa inajaribu kuwaka."

"Anko izime. Sasa hivi, shikilia swichi mpaka izimike. Usiiwashe tena mpaka nije Ijumaa. Na friza usiweke, ikitoka mle inatoka jasho kama chupa ya soda, maji yanaingia kwenye sahani, imeisha."

Akapanda Kosta kutoka Arusha Ijumaa jioni, kilomita 80 hizi, na begi lina flashi moja na waya wa kugeuza SATA, ile plagi ya hadi diski, kuwa USB (elfu 15). Mimi nikawa nimeshanunua ekstano (hadi diski ya nje) ya TB 1, iliyotumika, elfu 130. Diski yangu ni ya GB 500 na hii ni sheria ya kwanza, unapookolea lazima pawe pakubwa kuliko unapookoa. Kwenye ile flashi aliweka SystemRescue, hiyo ni Linux inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kuingiza chochote kwenye kompyuta, na ddrescue imo ndani tayari, kwa iyo hata bando haikutumika.

Kabla ya kitu chochote akaisoma afya yake kwa amri ya smartctl. Diski zinajiandikia zenyewe madaftari ya ugonjwa, sikujua hata siku moja. Mistari ya kuangalia ni namba 5, namba 197 na namba 198. Namba 5 ni sekta (vile vipande vidogo vya diski vinavyobeba data) ambazo diski imeshazikimbia ikahamia za akiba, 197 ni zile inazozishuku haijaweza kuzisoma, 198 ni zile zilizoshindikana. Ya kwangu 197 ilisoma 312. Diski salama inatakiwa isome 0. Toka siku hiyo naisoma kila mwezi kwenye mashine zote za dukani, inachukua sekunde.

Akasikiliza pia kwa sikio, kabisa akaweka sikio juu. Kama inagonga tik, tik, tik kwa mpangilio alafu inazima, alisema angeifunga tena na kuniambia nisiiguse, maana hapo kichwa chenyewe kimeharibika na hakuna programu yoyote ya kusaidia, ni ya kupeleka kwa wataalam wanaofungua kwenye chumba kisicho na vumbi na gharama yake ni mlima. Na mtu asikudanganye anakufungulia diski mezani dukani na bisibisi na vumbi hili la Moshi la mwezi wa tisa. Yangu ilikua inazunguka vizuri, inakwaruza kwa mbali tu. Akasema twende.

Sasa hii ndo programu yenyewe. Haina kitufe hata kimoja. Skrini nyeusi unaandika:

ddrescue -d -n /dev/sdb /mnt/ekstano/diski.img /mnt/ekstano/diski.map

Ni hiyo tu. Cha kwanza ni diski mgonjwa, cha pili ni faili ambalo nakala nzima itamwagiwa humo, cha tatu ni ramani. Ramani ndo roho ya hii programu na ndo sababu naandika haya yote. Kila kipande kilichosomwa, kilichorukwa, kilichogoma, kinaandikwa kwenye ramani. Ile -d inasoma diski moja kwa moja, ile -n inamwambia usihangaike na vipande vigumu kwa sasa.

Sisi tuliowasaidia wazazi wetu kuchuma kahawa tunajua. Huwezi kusimama kwenye tawi moja unapambana na punje mbichi wakati mti mzima umeiva, unapita unachuma nyekundu zote, mti huu, mti ule, alafu unarudi duru ya pili. Ukikopi kwa kawaida kwenye Windows inafanya kinyume, ikikuta sekta mbovu inasimama hapo hapo inajaribu tena na tena na tena, kichwa kinasugua kidonda kile kile, na mafaili 10,000 mazima yaliyo mbele yanasubiri mpaka diski inakufa hayajaguswa. ddrescue ikigonga pabaya inaandika kwenye ramani alafu inaruka, inaenda mbele ichukue vilivyo vizima kwanza. Ikimaliza inarudi kwenye yale mapengo inayapunguza kutoka pembeni, alafu ndo inaingia kukwangua sekta moja moja, na mwisho kabisa kujaribu tena kwa idadi ya mara utakayoitaka. Yule aliyeiandika anazijua diski na anaujua uchungu wa mtu.

Ijumaa tulianza na ule waya wa USB, ukatusumbua. Kila diski ikigoma kidogo waya unajikata wenyewe, diski inapotea kwenye orodha, unachomoa unachomeka. Mpwa akasema tuachane nao, tukafungua ile kompyuta ya mezani ya dukani, tukachomeka diski ya laptopu moja kwa moja ndani. Plagi ni zile zile, sikuamini, ya laptopu na ya mezani SATA ni moja. Toka hapo ikatulia. Saa 2 usiku ikaanza kutembea, inakuonyesha imeokoa kiasi gani, asilimia ngapi, makosa mangapi, kasi ya sasa, na mara ya mwisho kusoma kitu ilikua lini. Nilikaa naitazama ile asilimia kama mtu anaetazama dripu. Saa 10 alfajiri ilikua imeshabeba zaidi ya GB 430.

Kosa moja tulilolikwepa kwa bahati, mara ya kwanza mpwa alitaka kuandika ramani kwenye folda ya nyumbani ya ile Linux, akajishtukia. Ukiwa umewasha kutoka kwenye flashi folda hiyo inakaa kwenye RAM, mashine ikizima imekwenda. Ramani iwe kwenye ekstano, pamoja na nakala. Na Jumamosi mchana umeme ukakatika kweli, kompyuta ya mezani haina betri, paap giza. Moyo ulinilipuka. Umeme ulivyorudi tukaandika amri ile ile, herufi kwa herufi, ikasoma ramani ikaanzia ilipoishia kama hakuna kilichotokea. Hapo ndo niliipenda.

Lakini hapo hapo kuna mtego na nawaomba mniskilize. Mashine ikiwaka upya majina ya diski yanaweza kubadilika, iliyokua sdb ikawa sda. Kwetu ilibadilika. Ukiandika kwa mazoea unaanza kusoma diski nyingine kabisa na kuichanganya kwenye nakala yako, na ukiwa unaokoa kwenda diski kwa diski badala ya faili, ukishaweka ile -f ya kulazimisha inayotakiwa hapo, ukigeuza kilichotangulia na kinachofuata umeifuta diski ya mwenye mali mwenyewe na hakuna wa kukuuliza. Kila mara kabla ya kubonyeza enta angalieni kwa lsblk, amri ya kuorodhesha diski, someni ukubwa na namba ya siriali, mpwa aliandika siriali kwenye kipande cha selotepu akabandika juu ya diski. Kwa hili tu naipunguzia nyota, programu ya kuokoa data ya watu wenye presha ingetakiwa ikuulize mara mbili. Kwenye kazi nyota 5, kwenye urahisi wa kutumia nyota 2 na hizo 2 ni kwa sababu kitabu cha maelezo kinachokuja nayo kimeandikwa kwa uangalifu sana, japo ni Kiingereza chote.

Ekstano nayo angalieni ilivyo, ikiwa imepangwa kwa mpangilio wa FAT32 inakataa faili lolote linalozidi GB 4 na nakala ya diski ni faili moja kubwa la GB 500. Sisi tuliifuta tukaiweka ext4, mpangilio wa Linux unaobeba mafaili makubwa.

Jumapili asubuhi tukaondoa -n tukaweka -r3, yani sasa ingia kwenye vigumu na ujaribu mara 3, tukaiacha tukaenda ibada. Kasi ilishuka mpaka kilobaiti, masaa yanapita inaokota makombo. Jumapili saa 3 usiku ikasimama kwenye asilimia 99.99. Kilichobaki hakijasomeka ni MB 41 kati ya GB 500. Mpwa akaichomoa ile diski akaniambia anko hii sasa ni ya kabati, kila kitu kingine tutafanya kwenye nakala. Na hiyo naona ndo hekima ya njia yote, kwanza unakopi, kurepea ni baadae na ni kwenye nakala, ukiharibu unakopi nakala tena.

Tukaifungua nakala kwa kusoma tu, bila ruhusa ya kuandika. Folda nyingi zikaja na majina yake. Riporti ya yule dada haikuwepo. Ilikua imeliwa na ile kurepea ya usiku kucha, tukaanza kupekua FOUND.000 faili moja moja. Faili la docx la Word kwa ndani ni zipu, linaanza na herufi PK, kwa iyo tulikua tunatafuta lolote linaloanza na PK tunalibadilisha mwisho kutoka CHK kuwa docx tunajaribu kulifungua. Yalikua mengi. La kumi na kitu likafunguka, jina lake na namba ya usajili juu, kurasa zote. Nikampigia saa 5 usiku, alilia mpaka na mimi nikashindwa kuongea. Kama lisingepatikana hapo kulikua na PhotoRec ya Christophe Grenier, nayo ya bure, inatafuta mafaili kwa umbo lake hata kama orodha imepotea, ila yanarudi bila majina, ukiwa na miaka ya kazi za wateja bila majina ni kazi ya mwezi.

Sasa zile MB 41, zimo kwenye mafaili gani? ddrescue haijui mafaili, inajua sekta tu. Ila kuna njia, unaiambia ijaze mapengo yote kwenye nakala kwa neno unalolichagua, inaitwa fill-mode, alafu unatafuta neno hilo kwenye mafaili yote. Mpwa akaandika SEKTAMBOVU, akajaza, akatafuta. Yakatoka mafaili 23. Kumi na kitu ni ya Windows yenyewe, hayanihusu, mengine kadi za kipaimara za zamani. Na moja ilikua ile rekodi ya baba.

Kabla sijafika hapo, neno dogo kwa wateja wangu waongozaji wa watalii, maana mnakuja sana na laptopu zenu kuprinti. Hadi diski nyingi za laptopu watengenezaji wanaandika mwisho wa kufanyia kazi ni mita 3,048 kutoka usawa wa bahari, kwa sababu kile kichwa kinaelea juu ya hewa na kule juu hewa ni nyepesi. Kambi ya Mandara kule Kilimanjaro ni mita 2,720, hapo sawa. Horombo ni mita 3,720. Mkiwa mnapanda na laptopu ya kumwagia picha za wageni iwe ya SSD, na hiyo nayo iwe na bakapu maana SSD ikifa haikwaruzi, na mara nyingi haisinzii, inanyamaza tu asubuhi moja.

Bakapu yangu sasa ni ekstano mbili, moja dukani moja nyumbani, kila Jumamosi nabadilishana. Yote niliyotumia ni elfu 145 na nauli ya kijana na chakula. Nimetuma na mchango kidogo kwa watu wa GNU, hawakuniomba.

Rekodi ya baba tuliifungua Jumatatu jioni. Ni mp3, na uzuri wa mp3 ni kwamba kipande kikipotea katikati kilichobaki kinaendelea kucheza. Ikacheza. Sauti yake, kikohozi chake, majogoo ya kule nyumbani, dakika zote mpaka kwenye dakika ya 52 anaposema mpaka wa juu unaanzia kwenye mfereji unashuka mpaka kwenye... hapo ikaruka kama sekunde 2, ikarudi anasema, na chini yake nilipanda isale mimi mwenyewe. Isale ni ule mmea wa Wachaga wa kuonyesha mpaka. Kilichopotea ni neno moja au mawili. Nikaibeba kwenye simu nikapanda nayo nyumbani kwa shangazi, dada yake wa mwisho, akasikiliza ameinama, ikafika pale ikaruka, nikamuuliza shangazi hapa baba alisemaje. Hakufikiri hata. Akasema, mringaringa.